Bibi aliyevunjika nyonga: achomwe ganzi ya mgongo akiwa amekaa au amelala?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya. Juzi tulimkalisha bibi wa miaka 80 aliyevunjika nyonga. Alilia kwa maumivu, nikachoma mara nne ndipo nikapata maji ya uti wa mgongo. Kumlaza tu, presha ya juu ikashuka kutoka 160 hadi 80. Je, ni mkao?

JIBU: Marahaba. Mkao umechangia, lakini anza na yale maumivu. Mtu anayeumia hujikaza, hawezi kuukunja mgongo, na pingili za mzee zimeshabanana, kano zimekakamaa. Mpige kwanza ganzi ya neva ya paja na uisubiri ishike. Kisha mkalishe, miguu kwenye stuli, amekumbatia mto, msaidizi amemshika mabega. Katikati pakigoma, sogea pembeni sentimita moja hivi, uzikwepe kano ngumu. Usirudie palepale mara nne.

Sasa presha. Bupivakaini nzito, dawa ya ganzi ya mgongo, ina glukosi miligramu 80 kwa kila mililita, ndiyo maana huteremka kwenye maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa akilala chali, L3 (pingili ya tatu ya kiuno) ni kilele, na T5 au T6 (pingili ya tano au ya sita ya kifua) ni bonde. Kwa mzee mwenye kibiongo bonde hilo huzidi kina. Dawa ikituama huko, neva zinazoikaza mishipa ya damu hufa ganzi, mishipa inalegea. Moyo wa mzee hauwahi kufidia. Kwa hiyo punguza dozi: miligramu 7.5 hadi 10 mara nyingi hutosha nyonga. Mlaze taratibu, mto chini ya kichwa na mabega. Presha ikianguka inua miguu peke yake. Usiinamishe meza upande wa kichwa dawa ikiwa bado inatembea. Efedrini au fenilefrini, dawa za kupandisha presha, iwe imeshavutwa kwenye bomba kabla hujachoma.

Kumlaza ubavu nako kunafaa, ila dawa nzito inataka nyonga iliyovunjika iwe chini, na huko ni kumtesa. Bupivakaini isiyo na glukosi ni nyepesi kidogo kuliko maji ya uti, hivyo atalalia upande mzima. Mwache hivyo dakika 10 hadi 15, ganzi ielemee upande wa juu. Hapo presha haiyumbi sana. Kupanda kwa ganzi hakutabiriki sana, basi pima kwa barafu imefika wapi kila baada ya dakika chache. Na soma chupa: yenye kihifadhi haiingii mgongoni kabisa.