Kaizen shuleni: anzeni na karatasi zinazolala, mabango baadaye

Mleta mada, umeuliza kama kaizen, yaani hizi mbinu za viwanda vya Wajapani za kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, zinafaa shuleni kweli, maana mkuu wenu wa shule karudi semina na ameagiza kila ofisi ibandike zile S tano, hatua zake tano za kupanga sehemu ya kazi, ukutani kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye sekondari ya kata, mwaka wa sita sasa, na jambo hili limepita mikononi mwangu. Zinafaa. Ila mkianza na mabango mtakuwa mmeshachoka kabla ya likizo ya Juni.

Kaizen sikuipata semina, niliipata kwa dada yangu ambaye ni muuguzi. Wenzetu wa afya wameanza zamani. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kwa majaribio mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, mfano ukiwa umetoka hospitali moja ya wanawake kule Colombo, Sri Lanka, kisha Wizara ya Afya ikaisambaza kwenye hospitali nyingine. Ndiyo maana S tano zina Kiswahili chake kabisa: Sasambua (tenga visivyotakiwa), Seti (panga vinavyobaki), Safisha, Sanifisha (weka utaratibu mmoja), Shikilia (usiache). Siku moja dada kaja kunisalimia shuleni, kaangalia meza yangu, kaniuliza, "Kaka, mzazi akija kuulizia faili la mtoto hapa, unalipata kwa dakika ngapi?" Nikacheka. Akatoa simu, akaanza kuhesabu. Dakika kumi na moja, na faili lilikuwa chini ya kreti la soda alilokalia yeye mwenyewe.

Basi tukaanza na stoo, kama kila mtu anavyoanza. Jumamosi moja tukatoa kila kitu nje: viti vilivyovunjika miguu, taipureta, chupa za maabara zilizobanduka lebo, vitabu vya mitaala iliyokwisha kitambo. Na hapa kuna jambo ambalo nadhani mkuu wenu hakuambiwa semina. Kiwandani kitu kisichotakiwa wenyewe wanaweza kuamua kukitupa. Shule ya serikali hutupi hata mguu wa kiti, maana kiko kwenye leja na hakifutwi bila kibali. Ukitupa kwa jina la kaizen, siku mkaguzi wa hesabu akifika utaeleza mwenyewe kaizen ni nini. Sisi tulitenga kona moja, tukazungushia kamba, kila kitu kikafungwa kitambaa chekundu, tukaorodhesha na barua ikaenda halmashauri. Vingine vilikaa kwenye kona hiyo mwaka mzima. Lakini viti 43 tulivyokuwa tunaviita vibovu, fundi alipita akasema 26 vinataka kuchomelewa tu. Chupa za maabara msizimwage kwenye karo, muachieni mwalimu wa Kemia aulize utaratibu kwanza.

Stoo ikapendeza. Majembe na fagio tukavichorea vivuli ukutani, kikikosekana kimoja unaona kwa jicho. Wathibiti ubora wakaja, wakasifu, wakapiga picha. Na ripoti za wanafunzi zikaendelea kuchelewa vilevile, wazazi wakaendelea kupiga simu vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tulikuwa tumepanga vitu, kazi yenyewe hatujaigusa.

Wajapani uharibifu wa kazi wanauita muda. Ndiyo, neno lenyewe ni hilo, linaandikwa na kusomeka kama letu. Dada aliponieleza mara ya kwanza nilidhani ananitania. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota aliyeongoza kuujenga mfumo wake wa uzalishaji, aliuhesabu wa aina saba: kuzalisha kuliko kinachohitajika, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu, kukifanyia kitu kazi kisichoihitaji, kulundika akiba, mtu kuhangaika huku na huko, na kutoa kitu chenye kasoro kikarudiwa. Shuleni mmoja tu kati ya hiyo unatosha kuwapa kazi ya miaka miwili, nao ni kusubiri.

Nilifanya hivi. Mtihani wa muhula ulipokwisha nilichukua bunda moja, la Kidato cha Pili mkondo B, nikalibana karatasi yenye safu tatu: nani kalipokea, lini, kalitoa lini. Basi. Sikumwambia mtu aharakishe. Kuanzia mtihani wa mwisho mpaka ripoti kufika kwa mzazi zilipita siku 23. Nikajumlisha siku ambazo kweli kulikuwa na mkono wa mtu juu ya zile karatasi, kusahihisha, kuingiza alama, kuandika maoni, kusaini: hazikufika nne. Siku nyingine zote bunda lilikuwa limelala. Limelala mezani kwangu, mezani kwa mkuu aliyekuwa na vikao halmashauri, na siku tisa nzima mikondo yote ilikuwa inasubiri alama za Hisabati.

Kabla ya hapo kila kikao cha walimu tulimsema mwalimu wa Hisabati, kila muhula. Safari hii tukajaribu ile njia yao ya kuuliza "kwa nini" na kurudia mpaka ufike chini. Kwa nini Hisabati inachelewa? Kwa sababu anafundisha mikondo minane peke yake, kila mmoja una watoto zaidi ya 60, maana yake karibu karatasi 500 kwa mtu mmoja. Kwa nini anaanza kusahihisha wakati wenzake wanamaliza? Kwa sababu Hisabati ipo siku ya mwisho ya ratiba ya mitihani. Kwa nini ipo siku ya mwisho? Kimya. Kila mtu akanigeukia, kwa sababu ratiba naitengeneza mimi. Nilikuwa nainakili ya mwaka uliotangulia, na huo nao uliinakili wa nyuma yake.

Tukaihamishia Hisabati siku ya kwanza, tukamwondolea mwalimu huyo zamu za usimamizi wiki ile. Haikugharimu shilingi. Ripoti nazo tukaacha kumpelekea mkuu lundo la shule nzima, tukawa tunampelekea mkondo mmoja unapokamilika. Ripoti sitini anasaini kabla chai haijapoa, wakati lundo la mia tano alikuwa analiangalia na kulisogeza pembeni kama ungefanya wewe au mimi. Muhula uliofuata zilitoka siku ya kumi na moja.

Sasa nikueleze tulipoharibu. Nilitengeneza ubao ofisini, madarasa upande mmoja, masomo upande mwingine, kadi nyekundu ikiwa alama hazijaingia na ya kijani zikiingia. Wenye mambo yao wanauita kanbani. Wiki mbili ulifanya kazi vizuri sana. Kisha kikao kimoja mkuu akasimama mbele ya ule ubao na kuanza kuwasoma majina wenye kadi nyekundu, mmoja mmoja, mbele ya walimu wa mazoezi. Kesho yake ubao ulikuwa kijani tupu! Nikafungua faili la alama kwenye kompyuta: nusu ya safu hazina kitu. Watu walikuwa wamegeuza kadi, basi.

Ilinichukua muhula mzima kuurudisha. Nilimfuata mkuu faragha, nikamweleza kuhusu ile kamba ya viwanda vya Toyota, ambayo mfanyakazi yeyote akiona tatizo anaivuta, na kiongozi wake anakuja kuuliza kuna tatizo gani. Kama haliwezi kutatuliwa haraka, mstari unasimama. Anayevuta hasemwi. Mkuu wetu ni mtu mzima, alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, kumbe mimi ndiye niliyeikata kamba." Siku hizi kadi nyekundu maana yake ni "nimekwama, njoo", na anayekwenda ni mimi au makamu.

Jambo jingine dogo: vipindi vyetu ni vya dakika 40, na kiranja wa darasa moja tulimpa daftari aandike mwalimu kaanza kufundisha saa ngapi baada ya kengele. Dakika nyingi zilikuwa zinakwenda kwa wanafunzi kufuata vitabu na chaki ofisini. Vitabu tukavihamishia darasani kwenye kasha lenye kufuli, ufunguo kwa kiranja. Viwili vimepotea mpaka leo.

Na pale mnapopaswa kuikataa kaizen, ikataeni. Mtoto si Corolla. Mkuu akitaka kupima mwalimu kamaliza mada ngapi kwa wiki, mwambieni hapana, huko ni kukimbiza silabasi na kuwaacha watoto nyuma. Azimio la kazi na andalio la somo nayo hamuwezi kuyafuta, yanadaiwa kutoka juu. Mahudhurio yanayoandikwa sehemu tatu, lakini, ulizeni ni nani anayesoma ile ya tatu. Kwetu hakuna aliyekuwa anaisoma.

Kwa hiyo Ijumaa bandikeni hizo S tano kama mlivyoagizwa, msigombane na mkuu kwa karatasi za ukutani. Halafu muhula ukiisha bana karatasi yenye safu tatu kwenye bunda la mkondo mmoja, bila kutangaza, na usiandike maoni yoyote kuhusu mtu, tarehe peke yake. Siku ukiipeleka kwenye kikao anza na sehemu lilipolala mezani kwako.

Sisi kwa sasa tumekwama kwenye wino wa printa. Unaisha kila mara katikati ya ripoti, na kuagiza mpya ni saini nne. Mwenye shule iliyolitatua hilo aniambie hapa.