Jibu: Tazama kinachotokea nyuma ya wachezaji

Mkuu, umeuliza maandamano yako wapi kwenye "This Is America" (2018), video ya wimbo wa Donald Glover (Childish Gambino), maana umeona dansi tu. Zima sauti, irudie bila kumwangalia Glover. Mwongozaji Hiro Murai ameweka vurugu nyingi nyuma. Mbele kuna wanafunzi wenye sare wakicheza gwara gwara ya Afrika Kusini, mitindo iliyopangwa na Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda. Jicho hufuata dansi, ndiyo maana vurugu zimekupita. Kisha simamisha baada ya risasi ya kwanza: bunduki inapokelewa kwa kitambaa chekundu, taratibu kabisa, huku maiti ikiburutwa sakafuni. Kwangu hapo ndipo penye uzito wote. Kwaya inayopigwa risasi, wengi huihusisha na kanisa la Charleston, 2015, walikouawa Wamarekani weusi 9.