Faiba au 5G kwa gemu?
Ndugu, umeuliza uchukue faiba (intaneti ya waya) yenye kasi ya Mbps 20 au ruta ya 5G (intaneti ya minara ya simu) ya Mbps 50 kwa ajili ya gemu. Chukua faiba. Gemu yenyewe haili data nyingi. Kinachoumiza ni pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha gemu) na kurudi, na ya 5G huyumba jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Intaneti ya setelaiti zile za kilomita 35,786 angani usiguse kabisa, pingi yake hupita milisekunde 500. Halafu vuta waya kutoka kwenye ruta hadi PlayStation. Mimi Wi-Fi ilikuwa inapita kuta mbili. Nilipochomeka waya, kukwamakwama kuliisha siku hiyo hiyo. Kwa kuwa uko Dar, jaribu kwanza seva ya Johannesburg, iliyo karibu zaidi, kabla ya za Ulaya.