Usimpime simba wa Tsavo kwa manyoya: kwa wanaoanza kuongoza wageni

Mwaka wangu wa kwanza kuongoza wageni Tsavo Mashariki, niliwaonyesha familia moja simba majike wawili waliolala kivulini karibu na Mto Voi. Mama mmoja akachukua darubini, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole mbona majike hao wana korodani. Walikuwa madume. Niliona aibu kwa sababu wageni wale walikuwa wameniamini. Tangu hapo, kijana yeyote anayepanda gari langu kujifunza kazi namwambia asianzie kwenye manyoya ya shingo, kwani madume wengi wa huku hawana ya maana. Tazama upana wa kichwa, unene wa miguu ya mbele, halafu subiri mnyama ainuke.

Wageni wengi hutufikia wakitoka Maasai Mara, ambako wameona madume yenye manyoya mazito yanayoshuka hadi kifuani. Wakikutana na dume wetu mwenye vinywele vichache tu mashavuni, hudhani ni mgonjwa, au bado mtoto, au ni simba wa jamii nyingine. Wataka maelezo, nawe uwe nayo.

Anza na joto. Simba hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema na kulala kivulini, na manyoya ya shingo ni blanketi asiloweza kulivua. Mara iko juu, mita 1,500 na zaidi, na usiku wake ni wa baridi. Huku nyika ya Voi tuko karibu mita 600 na jua halina huruma. Mwaka 2002 watafiti Peyton West na Craig Packer walionyesha kutoka Serengeti kwamba dume mwenye manyoya meusi hupata joto zaidi, hata mbegu zake za uzazi huharibika kwa wingi zaidi. Lakini majike humpenda, na madume wenzake humwogopa mwenye manyoya marefu. Yaani manyoya yana faida na yana gharama, na kwetu gharama imepanda mno.

Utasikia pia kwamba ni miiba ya nyika inayoyang'oa. Wazee wa kazi hii walinieleza hivyo, nami siikatai kabisa. Lakini utafiti wa mwaka 2006 uliwatazama simba wa bustani za wanyama Marekani, ambako hakuna miiba, na wale wa miji yenye baridi walikuwa na manyoya mengi zaidi. Tofauti ya hali ya hewa ilieleza hadi karibu nusu ya tofauti za manyoya yao. Ndiyo maana usimwambie mgeni kwamba hawa ni aina tofauti kwa kutazama shingo tu.

Kuhusu ukubwa, kuwa mwangalifu zaidi. Dume asiye na manyoya huonekana mwembamba, jicho linadanganyika. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli hapa mwaka 1898 hawakuwa na manyoya ya maana, lakini wa kwanza kuuawa alipimwa futi 9 na inchi 8 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Mgeni aliyewaona kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago, atakubishia kwamba ni wadogo. Mweleze kwamba ngozi zao zilitandikwa sakafuni kama mazulia kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa, na zilikuwa zimekatwa pembeni. Mwili hufuata zaidi chakula: mtoto aliyekulia kwenye nyati na pundamilia wengi hutofautiana na aliyekulia kwenye ukame. Na dume aliyetoka kula ana tumbo la kukudanganya. Mtazame tena siku ya tatu.

Umri usome puani. Pua ya simba kijana ni ya waridi, kisha madoa meusi huongezeka miaka inavyopita. Ongeza makovu na meno akipiga miayo.

Andika yote kwenye daftari: mahali, mwezi, pua, makovu, tumbo. Madume wenye manyoya wapo Tsavo pia, hasa walioishi miaka mingi, kwani huku manyoya huchelewa kuota. Ukimwona mmoja, mwandike kwa makini kama wengine, na mwakani umtafute tena palepale.