Miguu kuwaka kwenye mita 400: usiache ugali

Mdogo wangu wa Nakuru, pole. Umesema ukifika mita 300 miguu inawaka na kuwa mizito, na rafiki amekushauri uache ugali. Tafadhali usiache! Wanga wa ugali husagwa tumboni ukawa glukosi (aina ya sukari), nayo ndiyo seli za misuli huivunja kupata nguvu. Oksijeni ikitosha, mitokondria (vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli) hutoa takriban ATP 30 (molekuli zinazobeba nguvu ya misuli) kwa kila molekuli ya glukosi. Ukikimbia kasi kuliko pumzi yako, njia ya haraka isiyotumia oksijeni hutoa ATP 2 tu, na laktiki, mabaki ya glukosi iliyovunjwa bila oksijeni, hurundikana; hapo ndipo miguu huwaka.

Kula masaa matatu kabla ya mbio. Ongeza mbio ndefu za polepole. Baada ya wiki kadhaa mitokondria huongezeka. Ila kifua kikibana au ukizirai, simama, umwone daktari.