Chaser ilityuniwa Arusha, Tanga inagonga: nipandishe busti?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE VVT-i, gia za mkono. Nimefunga turbo kubwa ya mtumba na kompyuta ya kutyuni. Nozeli, pampu ya mafuta na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ni zilezile za kiwandani. Tyuni ilifanyika Arusha, springi ya westigeti (mlango unaodhibiti presha ya turbo) ni ya baa 1.0, na gari lilikimbia safi. Nimelishusha nyumbani Tanga, sasa likifika mizunguko 6,000 linagonga, na geji ya mchanganyiko wa hewa kwa petroli inatoka 11.8 inakwenda 13.2. Halafu linatoa moshi wa bluu nikiwa nimesimama kwenye mstari wa kuanzia. Kuna fundi hapa ananiambia turbo kubwa hutaka busti kubwa (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), nipandishe hadi baa 1.4 tatizo litaisha. Lengo langu ni farasi 450 kwa mbio za mita 402. Picha ya plagi nimeiambatanisha.
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na plagi, maana ndiyo iliyonifanya nikujibu leo. Ikuze picha yako, utazame ule weupe wa kauri kuzunguka ncha. Utaona vidoadoa vya kijivu vinavyometameta, kama vumbi la pilipili manga lililopakwa rangi ya fedha. Hayo si masizi. Ni aluminiamu ya pistoni yako. Injini inapogonga chini ya busti, mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na mshindo huo hukwangua uso wa pistoni. Ukipandisha hadi 1.4 na hali ndiyo hii, itanoki kabla hujafika nusu ya njia. Tanga ni ya waja leo waondoka leo, lakini si kwa pistoni.

Sasa, kwa nini Arusha ilikimbia? Aliyekutyunia si lazima awe amekosea. Springi ya westigeti haijui presha kamili. Inajua tofauti tu kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ya nje ina presha ya kama baa 0.86. Jumlisha 1.0 ya springi, injini ilikuwa inapata 1.86. Ukashuka Same, Mombo, Segera, ukaingia Tanga ambako bahari unaiona kwa macho, hewa ya nje ni baa 1.01. Jumlisha 1.0 ileile, unapata 2.01. Geji ya busti kwenye dashibodi inakuonyesha namba moja kote kuwili, lakini presha inayoingia kwenye silinda imeongezeka kwa asilimia 8 na hakuna aliyegusa kitu.

Kompyuta yako ya kutyuni kwa kawaida husoma presha kamili. Maana yake ni kwamba Tanga gari linaingia kwenye visanduku vya jedwali ambavyo Arusha halikuwahi kuvifikia hata mara moja. Mafuta na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) vilivyoandikwa humo ni vya kukisia, au vimenakiliwa kutoka mstari wa chini yake. Mpigie aliyekutyunia umuulize jambo moja tu: mistari ya kuanzia kilopaskali 190 (baa 1.9) kwenda juu aliijaza kwa kupima au kwa kuburuta kipanya? Mtu mkweli atakujibu.

Hilo ni nusu. Nusu ya pili ni mafuta. Mimi hukadiria kwamba farasi mmoja chini ya busti hula kama gramu 250 za petroli kwa saa. Kwa lita 2.5 za injini yako, baa 2.01 na mizunguko 6,500, unatengeneza karibu farasi 375. Hao wanataka kama kilo 94 kwa saa, yaani sisi (cc, sentimita za ujazo) 2,100 na ushei kwa dakika. Nozeli zako sita za kiwandani ni za sisi 380 kila moja, jumla 2,280. Ziko wazi asilimia 93 ya muda. Mimi nozeli ikivuka 85 huanza kuihesabu imekwisha, kwa sababu haina tena nafasi ya kufunga na kufungua vizuri. Na hapo tumefanya hisani ya kudhani pampu inashikilia presha. Pampu ya gari la miaka ya 1996 hadi 2001, ambayo haijabadilishwa, mimi siiamini. Ile geji kutoka 11.8 hadi 13.2 ndiyo sauti yake: hewa inaongezeka, petroli imefika mwisho.

Kwa hiyo kwanza punguza. Toa springi ya 1.0, weka ya 0.7, uendeshe hivyo mpaka spea zifike. Najua inauma.

Huyo fundi wa hapo hajakosea kwa kila kitu. Farasi 450 kwenye injini hii kweli zinataka karibu baa 1.4, na turbo kubwa ndiyo inayoweza kuisukuma bila kukaukiwa pumzi. Alichosahau ni joto. Hewa ya Tanga wakati wa kaskazi inaingia kwenye kompresa, upande wa turbo unaobana hewa, ikiwa nyuzi 32. Ikibanwa hadi baa 1.0 inatoka na nyuzi kama 125, hata kama kompresa ni nzuri yenye ufanisi wa asilimia 70. Ukipandisha hadi 1.4, inatoka na nyuzi 155 hivi. Intakula ile ndogo iliyofichwa kwenye kona nyuma ya bampa ilitengenezwa kwa farasi 280. Ikishindwa, hewa ikafika kwenye injini na nyuzi 70 badala ya 45, unapoteza asilimia 7 ya hewa uliyoihangaikia, zaidi ya farasi 30, na unakaribisha kugonga juu yake. Tafuta intakula ya mbele, ya saizi ya haja, na uzibe pembeni zake kwa bati ili upepo upite ndani yake badala ya kuizunguka. Hiyo bati haigharimu kitu, na karibu kila gari linaloletwa kwangu halina. Unyevu wetu wa pwani nao hula nafasi ya hewa, karibu asilimia 4 siku ya fukuto, ingawa mvuke huo huo husaidia kidogo kutuliza kugonga. Huo usikunyime usingizi.

Kwa 450 hesabu ya mafuta inatoa lita 152 kwa saa. Nunua nozeli za sisi 550 kama kiwango cha chini. Ningekuwa mimi ningeweka 650 nikae na nafasi. Pampu usinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pampu ya lita 255 hupimwa kwa presha ya baa 3 hivi, na wewe ukiwa kwenye busti ya 1.4 regyuleta ya presha ya mafuta itaidai 4.4, ambapo inatoa pungufu kabisa. Bado itakutosha, ila ipelekee umeme kwa waya mnene na relei yake, moja kwa moja kutoka betri. Plagi weka za baridi zaidi, upenyo milimita 0.7, vinginevyo busti itazima cheche.

Kutyuni kwenyewe kufanyike Tanga, mchana, kwenye joto. Anza na springi ndogo. Jaza mafuta mpaka geji itulie kati ya 11.5 na 11.8 kutoka mizunguko 4,000 hadi mwisho, ndipo uguse taimingi, digrii moja moja, fundi akisikiliza kugonga kwa hedifoni. Nguvu ikiacha kuongezeka, rudisha digrii mbili uache. Kisha busti ipande kwa 0.1, mzunguko uanze upya. Ni kazi ya siku mbili, si ya saa moja jioni kwenye barabara ya Pongwe watu wakivuka.

Siku barabara itakapofungwa kwa mashindano, usihukumu tyuni kwa sekunde. Sekunde huamuliwa na tairi, klachi na ulivyotoka. Nguvu iangalie kwenye kasi ya kuvuka mstari. Gari la kilo 1,500 pamoja na dereva, likiwa na farasi 375, linatakiwa livuke mita 402 kwa karibu kilomita 180 kwa saa. Likiwa na 450, karibu 194. Umepandisha busti na kasi haikusogea? Umeongeza joto tu, rudi nyuma.

Moshi wa bluu. Hapa nina aibu yangu ya kukusimulia. Miaka ya nyuma nilimwambia mteja turbo yake imekufa, akanunua nyingine, nikafunga, na moshi ukaendelea vilevile. Nilipolala chini ya gari nikaona hosi ya kurudisha oili imejikunja kama kiwiko juu ya braketi, nimeikunja mwenyewe. Ndani ya turbo hakuna sili ya mpira. Kuna ringi nyembamba za chuma, kama za pistoni. Oili huingia kwa presha lakini hutoka kwa uzito wake tu, imechanganyika na povu. Ikikosa njia hujaa, na ringi hazina uwezo wa kuizuia. Ndiyo maana wewe unaona moshi ukiwa umesimama: hakuna busti ya kuisukuma nyuma.

Kabla hujanunua chochote, ingia chini uangalie hosi hiyo. Iwe nene kama kidole gumba, iteremke muda wote bila tumbo, na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Isiwe hosi ya petroli wala ya maji, kwa sababu oili ya moto huilainisha ikajinyonya. Ikiwa hosi iko sawa, toa paipu ya kuingiza hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma kunakosikika vidoleni, au pangaboi kugusa ukuta, hiyo ni turbo ya kufunguliwa. Nitumie video ya shafti, na picha ya plagi zote sita zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda, si moja.