Wazo la Muziki Hutoka Wapi?

SWALI: Mhariri, nimepiga piano peke yangu kwa miaka kadhaa na sasa natamani kutunga muziki wangu, lakini kila nikikaa mbele ya piano sipati wazo lolote. Je, watunzi hungoja msukumo uwajie?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi huutafuta kwa vidole. Usianze na vibonye vyote 88. Chagua vitano tu, mkono wa kushoto urudie kipande kifupi hadi usiufikirie tena, kisha uache wa kulia utembee juu yake. Mnamo Januari 24, 1975, mjini Cologne, Ujerumani, mpiga piano wa jazi wa Marekani Keith Jarrett alipewa piano ndogo na mbovu, yenye sauti kali juu na hafifu chini, naye, akiegemea zaidi vibonye vya katikati na kurudiarudia vipande vya mkono wa kushoto, alibuni papo hapo onyesho la zaidi ya saa moja ambalo husikilizwa hadi leo. Nalipenda mno tukio hilo, kwa kuwa kasoro ya chombo ilisaidia kuuelekeza muziki.

Mpiga piano wa peke yake hana mwenzake wa kumjibu, hivyo hata mwangwi unaofifia huku mguu ungali juu ya pedali ni sehemu ya utunzi. Jirekodi kila siku, ila usikilize kesho yake.